Tasnifu za Wanafunzi Zilivyoliokoa Ziwa la Seattle

Mwaka 1955 maji ya Ziwa Washington, linalopakana na jiji la Seattle nchini Marekani, yalikuwa bado yanapendeza machoni. Juni ya mwaka huo George Anderson, aliyefanya utafiti wake wa uzamivu chini ya Profesa W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington, alikuta ndani ya maji hayo nyuzi za Oscillatoria rubescens, kiumbe kinachohesabiwa miongoni mwa mwani ingawa kwa nasaba ni bakteria. Kiumbe hicho kilikuwa na sifa mbaya huko Uswisi. Mwaka 1898 kilitapakaa katika Ziwa Zürich, upande ule uliozungukwa na makazi, ilhali sehemu ya juu ya ziwa hilohilo, yenye watu wachache, ilibaki safi. Wataalamu walioijua habari ya Zürich walielewa kinachokuja Seattle. Yaliyofuata husimuliwa kama ushindi wa viongozi shupavu na mabomba makubwa, na si uongo. Lakini ushindi huo ulianza kuandaliwa miaka mingi kabla, na wanafunzi waliokuwa wakipima maji ambayo hayakuwa na tatizo lolote la kumtisha mtu.

Wa kwanza alikuwa Victor Scheffer. Mwaka 1933, akiwa mwanafunzi, alilichunguza ziwa hilo pamoja na mwanakemia Rex Robinson, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1939. Mwaka 1950 Gabriel Comita alilipima tena kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu, kisha Anderson akafuatia. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Kimojawapo kilikuwa sahani ya duara inayoshushwa majini kwa kamba mpaka isionekane tena. Urefu wa kamba iliyozama ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Katika miaka hiyohiyo mazingira ya ziwa yalikuwa yakibadilika. Majitaka ghafi ya Seattle yalikuwa yameondolewa ziwani kufikia mwaka 1936, lakini kuanzia 1941 vitongoji vipya vilijenga mitambo yao ya kusafisha majitaka, na mitambo hiyo ikamwaga maji yake ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa yakiingia takribani lita milioni 75 kwa siku. Mitambo hiyo ilifanya kazi iliyojengewa: kuondoa uchafu unaooza na kupunguza vijidudu vya magonjwa. Fosforasi ilipita humo kwa sehemu kubwa, na fosforasi ni mbolea ya mwani kama ilivyo mbolea ya mahindi. Hapo ndipo tasnifu zile zilipopata thamani. Aliyedai kwamba ziwa limekuwa na mwani mwingi tangu zamani aliweza kuonyeshwa takwimu za 1933 na 1950, na ubishi ukakosa pa kusimamia.

Edmondson alizitumia takwimu hizo kutabiri. Alieleza kwamba ziwa litazidi kuharibika majitaka yakiendelea kuingia, na kwamba litapona yakizuiwa. Maelezo yake yalimfikia wakili James Ellis, aliyekuwa akipigania chombo kimoja cha kusimamia majitaka ya Seattle na vitongoji vyake. Kura ya Machi 1958 ilishindwa kwa sababu vitongoji vilikataa. Mpango ukapunguzwa ubaki wa majitaka peke yake, na Septemba mwaka huohuo ukapita. Mabomba ya kuyachepusha majitaka yalianza kazi mwaka 1963 na kukamilika 1968. Ile sahani, iliyokuwa ikionekana hadi karibu mita nne mwaka 1950, mwaka 1963 ilikuwa inapotea kwenye kina cha mita moja hivi. Baada ya majitaka kuondolewa uangavu ulirudi mwaka hadi mwaka, na kuanzia 1976 ukapita hata ule wa 1950.

Wapo watakaosema kwamba kilicholiokoa ziwa ni fedha na kura, na kwamba wanafunzi walikuwa watazamaji tu. Ni kweli kwamba takwimu hazichimbi mtaro. Lakini wapiga kura waliombwa walipe zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya ziwa ambamo wakati huo watu walikuwa bado wanaogelea. Bila ushahidi wa mwenendo wake, ombi hilo lingekuwa maoni ya profesa mmoja dhidi ya maoni ya jirani yake. Faida ya takwimu haikuishia kwenye kura. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa sabuni za unga zenye fosfati walishikilia hoja kwamba kaboni ndiyo inayostawisha mwani. Mwaka 1970 Edmondson alionyesha kwamba katika Ziwa Washington fosforasi ilishuka na mwani ukashuka nayo, ilhali naitrojeni na kabonidioksidi zilibaki juu. Mwaka 1973 David Schindler alitenga ziwa dogo la Kanada mara mbili kwa pazia. Upande mmoja ulipewa kaboni na naitrojeni, wa pili ukaongezewa na fosforasi, na huo wa pili ndio uliogeuka kijani.

Lawama nyingine ina uzito zaidi: Seattle haikuumaliza uchafu, iliupeleka kwenye maji ya bahari ya Puget Sound. Hilo halikanushiki. Bahari ile huchanganywa na kupwa na kujaa kwa maji, kwa hiyo fosforasi haikufanya humo ilichofanya ziwani, lakini suluhisho la namna hiyo lina gharama yake, na miji isiyo na bahari jirani hailipati kabisa.

Miji hiyo ni pamoja na Mwanza, Kisumu na Kampala. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na sehemu kubwa ya fosforasi yake hutoka mashambani na angani, si kwenye mabomba ya majitaka. Anayetaka kuihamisha dawa ya Seattle kama ilivyo atakosea. Hata hivyo ghuba zilizo karibu na miji zina hadithi inayofanana na ya Seattle: mfereji wa Nakivubo hupeleka majitaka ya Kampala katika Ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji kwenye ghuba hiyohiyo. Na somo la takwimu linatuhusu moja kwa moja. Tunajua kwamba Victoria imebadilika kwa sababu Jack Talling aliipima kwa makini mwaka 1960 na 1961, na miaka thelathini baadaye Rose Mugidde, katika utafiti wake wa uzamili, akarudia vipimo hivyo upande wa Uganda na kukuta uzalishaji wa mwani umeongezeka takribani maradufu. Kati ya wawili hao kuna pengo refu la vipimo, na ndani ya pengo hilo ziwa lilibadilika bila kengele kulia.

Hoja ya mwisho husikika mara nyingi mezani penye bajeti: utafiti umetosha, sasa vijengwe vyoo na mitambo. Vijengwe, tena haraka. Lakini mtambo usiopimwa matokeo yake ni imani, kama vitongoji vya Seattle vilivyoamini kwamba maji yao yaliyosafishwa hayana madhara. Gharama ya mwanafunzi mwenye mtumbwi, sahani na chupa za sampuli ni ndogo mno ikilinganishwa na mtambo mmoja. Vyuo vikuu vya kandokando ya Victoria, Tanganyika na Kivu vipewe fedha za kupima maji yaleyale, mahali palepale, kila mwezi, hata katika miaka ambayo hakuna habari ya kuandika gazetini.