Miale ya urujuanimno ilivyorefusha maisha ya barakoa

BARAKOA za N95 zilipoadimika Machi 2020, wakati wa janga la Covid-19, hospitali ya Nebraska Medicine mjini Omaha, Marekani, ilianza kuzitakasa kwa miale ya urujuanimno ili wahudumu wazivae tena. Zilianikwa kwenye nyaya chumbani, kati ya taa mbili.

Miale hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, huharibu chembe za urithi za virusi, visiweze kuzaana. Kiwango kilichopendekezwa kilikuwa angalau jouli 1 kwa kila sentimita mraba. Taa inayofikisha miliwati 2 kwa eneo hilo huhitaji dakika 8 na sekunde 20 kwa kila upande.

Taa ya zebaki ni ya bei nafuu, lakini ina mipaka. Miale haifiki penye kivuli, hivyo mikanda hupanguswa kwa dawa. Jua haliwezi kuwa mbadala, kwani ozoni huizuia miale hiyo angani. Aidha, hudhuru macho na ngozi.

Uhaba ulipopungua, Marekani ilibatilisha idhini za dharura za mitambo ya kutakasa barakoa mnamo Juni 2021. Mbinu hii ilikuwa ya dhiki. Barakoa mpya ndiyo kinga bora.