Majoho Ikulu, 1966

Oktoba 22, 1966, wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Hayo majoho ndiyo yananikwaza. Walipinga sheria ya JKT: miaka miwili, miezi michache kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai ukoloni ulikuwa nafuu.

Kwetu Nassa, mkulima wa pamba hakuwa na mshahara wa kukatwa. Pamba yake ndiyo iliyoleta fedha za kigeni zilizosaidia kuwasomesha.

Mei mwaka huohuo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikalia jengo la utawala wakipinga alama za darasani kutumika kuamua nani apelekwe Vietnam. Kule, kusoma kulimwokoa kijana na jeshi, na wapo walioona aibu. Wetu walitaka kuokolewa.

Ila hawakuwa wachoyo tu. Waliuliza pia mbona mawaziri wanaishi kifahari, na swali hilo ndilo lililomchoma Nyerere. Palepale alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wote warudi makwao. Hasira yake naielewa, adhabu ilizidi.

Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni mwaka huo.