Stima ya Jinja, Vijana wa Kampala

Stima ikipotea Kitisuru usiku, kimya hakidumu. Jenereta za nyuma ya nyumba huanza kunguruma moja baada ya nyingine, na fundi anatafutwa kwa simu. Fundi Nairobi hajawahi kuwa adimu. Mhandisi, yule anayepiga hesabu transfoma ibebe nyumba ngapi kabla nguzo haijasimamishwa, ndiye aliyechelewa kuzaliwa hapa.

Kampuni ya kusambaza umeme jijini iliundwa 1908. Mwaka wa 1922 ikaungana na mwenzake wa Mombasa, ikazaliwa East African Power and Lighting. Wahandisi waliletwa kutoka Uingereza, kwani Afrika Mashariki nzima haikuwa na chuo cha kumpa kijana shahada ya kazi hiyo.

Hati ya kuanzisha chuo kama hicho Nairobi, Royal Technical College, ilitolewa 1951. Wakati huo Wahindi wa hapa walikuwa wakichanga pesa za chuo cha kumkumbuka Gandhi. Miradi hiyo miwili ikaunganishwa 1954, na ndiyo maana sanamu ya Gandhi ipo hadi leo katika chuo hicho, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956, uhandisi ukiwa miongoni mwa masomo ya mwanzo. Kuanzia 1961 walisomea shahada za London.

Kilichofuata kinanifurahisha kuliko yote. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa 1963, masomo yaligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Kampala aliyetaka kusomea umeme ilimbidi afunge safari kuja huku. Na umeme wenyewe ulikuwa umeshamtangulia: tangu 1958 stima ya bwawa la Owen Falls, Jinja, ilisafirishwa kwa nyaya kupitia Tororo hadi Nairobi. Uganda ilituletea nguvu na wa kuisomea.

Mpango huo wa kugawana masomo ulivunjika 1970. Makerere ikaanzisha uhandisi wake mwaka huohuo, Dar es Salaam 1973.

Nairobi nayo ilibadilika. Waliomaliza kidato cha sita walisoma chini ya miaka mitano. Kizazi cha mfumo wa elimu wa 8-4-4, kilichoingia vyuoni 1990, kikakuta mitano. Na ukimaliza, Bodi ya Wahandisi bado inataka angalau miaka mitatu ya kazi kabla haijakusajili kuwa mhandisi kamili, uruhusiwe kuweka sahihi kwenye mchoro wa transfoma ya mtaa.