Chepkong haiko kii ya G, na hiyo si makosa

Wasee, leo tuongee juu ya swali ambalo chepkong huulizwa ikiingia studio: "Hii iko kii gani?" Produsa anafungua kompyuta, anavuta sauti ya kila waya mpaka ikae sawa na kinanda, basi. Mimi nasema swali lenyewe limekosewa, na historia yetu hapa Kericho na Bomet ni shahidi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kurekodi. Kati ya nyimbo alizochukua, tatu zinaitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, likitamkwa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimesikika huku. Kwenye wimbo wa tatu, ulioimbwa na wasichana, Chemirocha amekuwa nusu mtu, nusu swara!

Sasa, Rodgers alipiga gitaa, na gitaa lina tabia zake. Nyuzi zake ni E, A, D, G, B, E. Ukipiga kodi ya G, nyuzi za D, G na B zinalia wazi bila kidole, sauti inajaa. Panda nusu hatua tu mpaka A bemoli: hakuna waya hata mmoja wa kulia wazi, lazima vidole vikabe zote. Kwa kinanda tofauti hiyo hakuna. Hatua zake 12 zimegawanywa sawa, kwa hivyo kii moja ni nyingine iliyopandishwa tu.

Chepkong nayo haijui G wala A bemoli. Mpigaji anakaza nyuzi zifuate koo la mwimbaji. Mwimbaji akibadilika, nyuzi zinakazwa upya. Kii ni mtu, bana! Ndiyo maana watu wa Kapkatet walichukua jina la Rodgers wakaliimba kwa chombo chao, bila kugeuza chepkong kuwa gitaa.

Tracey alielewa hilo. Alitembea na uma za kupimia sauti, akaandika jinsi ala za Kiafrika zilivyokazwa. Alipima, hakunyoosha. Mwaka 1954 akaanzisha hifadhi ya ILAM huko Afrika Kusini, na rekodi zake ziko huko mpaka leo.

Sisi tunafanya kinyume, tena nyumbani kwetu. Tukiendelea hivi, mtoto wa Litein atasikia rekodi ya 1950 na kusema wazee walikuwa nje ya sauti. Atakuwa amefundishwa na nani? Na sisi.

Kwa hivyo maprodusa wangu, ombi ni dogo. Rekodi chepkong kwanza, vile mwenyewe ameikaza. Halafu pandisha au shusha kinanda kiifuate. Na pale ambapo nafasi kati ya nyuzi hazilingani na za kinanda, kinanda kinyamaze kidogo. Hakitakufa.