Baskeli ya Babu Imerudi Mjini: Phoenix, Karafuu na Bahari ya Pemba

Picha inaingia kwenye simu saa tatu usiku. Phoenix nyeusi imeegemezwa ukutani, kengele inang'aa, nyuma ina keria pana ya chuma, na chini yake maneno machache: "Kitu cha zamani, ogi kabisa, inatumwa mpaka visiwani." Kijana wa Chake Chake anaitazama kama anatazama picha ya babu yake. Anaomba namba, wanapatana bei, anatuma pesa kwa simu. Wiki mbili baadaye anaifuata bandarini Mkoani. Foku imebonyea, rimu ya mbele imepinda namba nane, na ile kengele iliyomvutia haipo.

Anapiga simu. Muuzaji anasema ilitoka kwake nzima. Aliyeipakia anasema aliipokea hivyo hivyo. Waliokuwa chomboni hawajui lolote, na risiti hakuna. Mtaani watu wanacheka: ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla hatujamcheka kijana wa watu, tujue kitu kimoja. Baskeli zote zilizowahi kukanyaga ardhi ya Pemba zimepita baharini. Hakuna hata moja iliyofika kwa barabara. Kwa hiyo hadithi ya baskeli Pemba ni hadithi ya vyombo, bandari na watu walioaminiana, au walioshindwa kuaminiana.

Ilivyoanza

Baskeli tunayoijua leo, yenye magurudumu mawili sawa na cheni inayozungusha la nyuma, ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885. Miaka 3 baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akaja na tairi la kujaza upepo. Dunia ikapenda, na mpira ukawa dhahabu. Huku kwetu Afrika raha hiyo ilikuwa na gharama yake: watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji walilazimishwa kugema mpira kwa mateso makubwa, na sehemu kubwa ya mpira wa wakati ule ilikuwa inakwenda kwenye matairi.

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, kwa hiyo baskeli za Kiingereza ndizo zilizotangulia. Jina kubwa lilikuwa Raleigh, kutoka mji wa Nottingham. Zilikuwa nzito, za chuma kitupu, tairi la inchi 28, na breki zake hazikuwa na waya. Zilikuwa na vyuma virefu vilivyovuta raba kwenda juu mpaka zibane rimu kwa upande wa ndani. Kumbuka breki hizo, tutazirudia.

Na Pemba ilikuwa na pesa ya kuzinunulia, angalau msimu ukikubali. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Karafuu ikichumwa na kukaushwa juu ya majamvi, mkulima anashika pesa ya mkupuo. Hiyo ndiyo pesa ya kuezeka nyumba, ya kuoa, na ya kununua kitu cha chuma kitakachodumu.

Ila Pemba si tambarare. Ni vilima na mabonde, unapanda unashuka. Mtu mwenye gunia kwenye keria alikuwa anasukuma kilima kizima kwa mguu, halafu akifika juu anajiachia mpaka bondeni, huku akiomba Mungu breki zikamate. Si mchezo. Lakini bado ilikuwa bora kuliko kubeba kichwani.

Phoenix inaingia

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha mengi, na biashara ikiwemo. China ikawa rafiki wa karibu wa Zanzibar. Madaktari wakaja, misaada ikaja. Pale pale Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee ni matunda ya msaada huo. Na madukani, bidhaa za Kichina zikaanza kuonekana.

Upande wa Tanzania nzima, reli ya TAZARA iliongeza mambo. China ilijenga reli hiyo kati ya 1970 na 1975, na sehemu ya gharama za hapa ndani zililipwa kwa mpango wa ajabu kidogo: bidhaa za China zinaletwa, zinauzwa madukani, pesa inayopatikana inalipia kazi za reli. Yaani mtu akinunua bidhaa ya Mchina dukani, kwa njia moja au nyingine alikuwa anachangia reli ambayo pengine hataipanda maisha yake yote.

Phoenix ilitoka Shanghai, na kwao haikuwa kitu cha kudharau. Vijana wa China wa miaka ile waliotaka kuoa walitakiwa waonyeshe vitu vinne: baskeli, saa, cherehani na redio. Sasa waulize wazee wa Pemba. Orodha yao haiko mbali na hiyo. Mwanamume mwenye baskeli na redio alikuwa mtu. Baskeli ilipigwa kitambaa kila asubuhi, siti ikavishwa nguo, na mtoto aliyethubutu kuigusa alikiona. Watoto waliiba dakika tano baba akiwa msikitini, wakapitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu kukaa kwenye siti hawafiki.

Dar es Salaam nako serikali ikataka Tanzania ijitengenezee za kwake. Ndipo ikaja Swala, ya kiwanda cha taifa cha baskeli, NABICO. Watu wa umri fulani ukiwatajia Swala wanatabasamu kabla hujamaliza sentensi.

Halafu maisha yakakaza. Miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980 bidhaa zilikuwa haba Visiwani, na foleni ikawa sehemu ya maisha. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee wa karafuu, na bei ya ng'ambo ilikuwa inatamanisha zaidi. Karafuu za magendo zikavuka usiku kwenda Kenya, vyombo vikarudi na bidhaa ambazo madukani hazionekani. Baskeli ikiharibika wakati huo haitupwi. Spoki ilitolewa hapa ikapachikwa pale, tairi likashonwa kwa uzi, tyubu ikazibwa viraka mpaka haijulikani ipi ni tyubu na ipi ni kiraka.

Ilipofika 1984 Zanzibar ikaanza kulegeza biashara, na watu binafsi wakaruhusiwa kuleta mizigo. Mitumba ikafunguka. Zikaja baskeli zilizotumika kutoka Japani na Ulaya, nyepesi, zenye gia na kikapu mbele. Phoenix na Raleigh zikaanza kuonekana za kizee. Baadaye pikipiki za bodaboda zikamaliza kazi. Jina lenyewe bodaboda lilianzia kwenye baskeli, zile zilizobeba abiria mpakani mwa Kenya na Uganda pale Busia, lakini leo ukisema boda kila mtu anafikiria injini.

Baskeli za babu zikaenda wapi? Nyingi zilikwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Mnunuzi anapita na mkokoteni, mzee hana nguvu ya kupanda tena, kitu kinapimwa kwa kilo kinaondoka. Na hapo ndipo kichekesho kilipo. Wajukuu waliokuwa wadogo wakati fremu ile inapimwa ndio leo wanalipa pesa ndefu kuirudisha, kwa sababu imekuwa fasheni.

Bahari haina utani

Sasa turudi bandarini. Zamani mzigo wa Pemba ulikuja kwa jahazi na mashua, kutoka Unguja, Tanga au Mombasa, ukashushwa Wete, Wesha au Mkoani. Baadaye zikaja meli. MV Mapinduzi, iliyotengenezwa Finland miaka ya 1970, ilibeba kizazi kizima: wanafunzi, wagonjwa, maharusi, mbuzi, magunia, na ndiyo, baskeli pia.

Shida ya safari ya Pemba ni kwamba watu na mzigo vimezoea kupanda chombo kimoja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 600 hivi. Ilibeba zaidi sana ya hapo, na mzigo juu yake. Waliopona walisimulia walivyoelea kwa kushika magodoro yaliyokuwa sehemu ya mzigo. Kwa hesabu ya tume ya uchunguzi, waliokufa na wasioonekana tena walizidi 1,500. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Ndiyo maana Pemba neno "usafirishaji mbovu" lina uzito wake. Kwingine ni mchubuko kwenye rangi. Huku karibu kila ukoo una mtu wa kumtaja. Baskeli moja ya kilo 20 haizamishi meli, ni kweli. Lakini tabia ya "pakia tu, itafika" ndiyo ileile, iwe kwa kitu cha mtu mmoja au kwa meli nzima. Mzigo usiopimwa, usioandikwa na usio na mwenyewe ndio mzigo usiojulikana umezidi.

Wanapigwa wapi?

Tuanze na kitu chenyewe. Baskeli za umbo lilelile la zamani zinatengenezwa mpaka leo India na China. Anayetaka kutapeli hahitaji kitu cha zamani, anahitaji msasa, oili chafu na picha ya jioni. Wengine hufanya kinyume: fremu yenye ufa inapakwa rangi nzito na kubandikwa stika mpya. Ufa hupenda kukaa pale bomba zinapoungana, na picha ya mbali haiuonyeshi kamwe.

Wajuzi wana alama zao. Raleigh ya kweli, sproketi yake ya mbele mara nyingi imechongwa vichwa vya ndege korongo. Habu za Sturmey-Archer za gia tatu zina namba zilizogongwa kwenye chuma, na miongoni mwake mna mwaka iliyotengenezwa. Fremu nayo ina namba yake. Muuzaji mkweli hapati tabu kupiga picha tatu za karibu. Anayesema kamera yake mbovu, huku ile picha ya kwanza ilikuwa safi kama ya harusi, ameshajibu swali.

Halafu inakuja safari. Baskeli ikilazwa chini ya magunia, kinachoumia kwanza ni foku, kwa sababu gurudumu likitolewa ile miguu miwili inabaki mitupu na inabanwa. Dawa yake ni kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo kikatiwa katikati, mbele na nyuma. Usukani ugeuzwe ulale sambamba na fremu, siti ishushwe, bomba zizungushiwe maboksi na mpira wa tyubu chakavu. Pedeli zitolewe, na ya kushoto hufunguliwa kinyume na ilivyozoeleka, ukiilazimisha unakata uzi wake. Kengele, taa na dainamo vifungwe pamoja na fremu, visiachwe vikining'inia kumwita mwizi. Chuma kipakwe grisi, maana maji ya chumvi hayangoji.

Na zile breki za vyuma? Hapo ndipo hasara ilipo. Kwa kuwa raba zinabana rimu kwa ndani, rimu ikipinda kidogo tu baskeli haishiki, na rimu za namna ile hazipo kila duka. Kwa vilima vya Pemba, baskeli isiyoshika si pambo tena, ni hatari. Mteremko haujui kama kitu chako ni cha fasheni.

La mwisho ni pesa. Zamani mnunuzi alilipa kwa mwenye duka anayemjua, duka halihami, na likihama kijiji kizima kinajua. Simu imefuta mlango wa duka. Pesa inaondoka kwa sekunde, baskeli inakuja kwa wiki, na katikati ya hizo wiki kuna mikono mitano isiyojuana. Wanaosalimika ni wale wanaorudisha ule mlango kwa namna nyingine: nusu ya pesa mwanzo na nusu baada ya mtu wao kukikagua Malindi au Dar, picha ya kila upande saa ya kupakia, na karatasi yenye jina la aliyepokea. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule kijana wa Chake Chake naye hakurudishiwa pesa. Aliibeba hivyo hivyo, kilomita 30 juu ya gari la abiria, mpaka kwa fundi mzee mwenye kibanda chini ya mwembe. Mzee akaigeuza, akasugua chini ya fremu kwa kidole chenye oili, akasoma namba kimya kimya. Foku akainyoosha kwa bomba na moto. Rimu akaivuta spoki moja moja, jioni mbili. Kisha akamwambia kwamba ya kwake yeye, ya mwaka aliooa, aliiuza kwa kilo.