Kuvuja na Kuchuruzika

Koki imefungwa, lakini kinyunyizio cha chini kabisa bustanini bado kinatoa maji. Mwenye nyumba anasema kinavuja. Fundi bomba anakubali, anafunga kipya, na kesho yake maji yanatoka palepale. Fundi hakukosea kazi. Wote wawili wameipa hali hiyo jina lisilo lake, na jina hilo ndilo lililomwelekeza fundi kwenye kifaa kizima.

Wahandisi wa umwagiliaji wana istilahi mahususi ya hali hii: maji yaliyobaki bombani baada ya koki kufungwa huteremka kwa uzito wake na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko mengine. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite mchuruziko. Kitenzi tunacho siku zote: jasho huchuruzika, machozi huchuruzika. Kuvuja kunataka ufa, tundu au mshono ulioachia. Kuchuruzika kunataka mteremko tu.

Mjini Handeni, mkoani Tanga, tofauti hii ni ya fedha. Mradi wa Handeni Trunk Main, wa tangu miaka ya 1970, huvuta maji Mto Pangani, eneo la Tabora wilayani Korogwe, na kuyapandisha kwa pampu hadi Handeni iliyo juu zaidi kwa mamia ya mita. Maji yanayofika kwenye simtanki ya nyumba ya wageni pale Chanika, mjini Handeni, yameshalipiwa umeme njia nzima.

Sasa piga hesabu. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba karibu nusu lita kwa kila mita. Bustani yenye mita 50 za bomba ina karibu lita 25 zinazoweza kumwagika kila koki inapofungwa, yaani zaidi ya dumu la lita 20. Nyunyizia ukoka asubuhi na jioni, na umepoteza madumu mawili na ushei bila kitu chochote kuharibika.

Kuthibitisha ni rahisi. Funga koki, kisha subiri. Kama ni kinyunyizio cha bondeni peke yake kinachotoa maji, na yanapungua hadi kukatika, huo ni mchuruziko. Yakiendelea usiku kucha kwa kasi ileile, huo ni uvujaji, na mara nyingi chanzo kiko mbali na kinyunyizio: vali haijafunga sawasawa kwa sababu punje ya mchanga imekaa chini ya washa. Maji ya mtoni hubeba tope na mchanga, hasa masika. Fungua vali, suuza, kagua mpira kama umekatika. Na ikiwa vinyunyizio vyote ni vikavu, koki za nyumba nzima zimefungwa, lakini mita inazunguka, huenda bomba limepasuka ardhini. Tafuta mahali ukoka umestawi kuliko kwingine na udongo unabonyea.

Tiba ya mchuruziko ni vali ndogo yenye springi ndani ya kinyunyizio. Hapa jina linaleta shida ya pili. Madukani vali za jamii hii huitwa noni-ritani, na wengi huzifasiri vali ya kuzuia mrejeo. Kwenye bomba linalopandisha maji mlimani jina hilo ni sahihi kabisa: umeme ukikatika, maji hutaka kurudi pampuni, nayo huyazuia. Bustanini maji hayarudi kokote. Yanasonga mbele, upande uleule yaliyokuwa yakienda, ila hayana tena msukumo. Springi huachia msukumo mkubwa upite na hukataa mdogo, na nyingi hushikilia maji yaliyo juu yake kwa mita 2 hadi 4. Kwa hiyo naona tuiite vali ya kuzuia mchuruziko, na ya pampu ibaki na mrejeo wake. Mnunuzi akiomba noni-ritani bila maelezo atauziwa ile ya kufunga kwenye bomba kuu karibu na simtanki, na kinyunyizio cha bondeni kitaendelea kumwaga maji.