Sauti inakufa, ada inabaki

Leo nawaandikia kutoka Bweri, hapa Musoma, na habari yenyewe si ya siasa wala ya bei ya sangara. Ni ya mwimbaji wa opera, ule mchezo wa jukwaani ambao wahusika huimba badala ya kuongea.

Mwenyewe ni Kathleen Ferrier, Mwingereza aliyezaliwa 1912. Msidhani alikuwa mtoto wa kishua. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kuunganisha simu huko Blackburn. Mwaka 1935 ilipotafutwa sauti ya kutaja saa kwenye simu alijaribu, akatemwa! Mwaka 1937 mumewe akamwekea dau la shilingi moja kwamba hathubutu kuingia mashindano ya uimbaji ya Carlisle. Akaingia, akashinda. Wakati wa vita aliimba viwandani, na 1946 akapanda jukwaa la opera kwa mara ya kwanza, Glyndebourne.

Kisha kansa ya matiti ikamwandama. Februari 1953, katikati ya onyesho Covent Garden jijini London, mfupa wa paja ukavunjika. Akaimba hadi mwisho. Oktoba mwaka huo akafariki, miaka 41 tu.

Sasa angalieni walichofanya waliobaki. Hawakuishia kwenye rambirambi. Kwa jina lake ukaanzishwa mfuko wa utafiti wa kansa, na mwingine wa kusomesha waimbaji vijana, ulioanza kutoa tuzo 1956. Mshindi alilipiwa mwaka mzima wa masomo, na mlango ulikuwa wazi kwa vijana wa Uingereza na Jumuiya ya Madola. Tuzo hiyo ipo hadi leo.

Sisi tuna Siti binti Saad wa Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Alifariki 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na TAMWA wakaliita jarida lao Sauti ya Siti. Heshima kubwa, lakini jarida halimlipii mtu ada.

Na tusiseme mifuko hii ni mambo ya Wazungu. Jina la jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, limo kwenye mfuko ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2009, ukianza na wasichana wa hisabati na sayansi pale Mlimani. Muziki nao unafundishwa hapo hapo Mlimani. Ila binti anayebeba kwaya nzima Jumapili, akimaliza kidato cha sita, ataambiwa akasome uhasibu. Kuimba si kazi, eti.

Ferrier aliokolewa na dau la shilingi moja. Jamani, kipaji cha mtu kisisubiri utani wa mume!

Basi nauliza: mfuko wa sauti kwa jina la Siti, nani ataanza kuchanga? Mshahara wa mwandishi mnaujua, lakini elfu kumi yangu ipo.